Si kila chungu kiingie ndani

Kila mwaka, Septemba ikianza kutia ubaridi, sisi Waswahili wa Minnesota tunaingiwa na huruma isiyo na mpango. Usiku mmoja tu wa baridi ya maana, na asubuhi yake utaona watu wanapandisha ngazi na ndoo za mchaichai, makopo ya mrehani, mndimu uliofungwa kanga usivunjike matawi, pilipili, matembele, hata mchicha ambao umeshatoa mbegu na hauna tena cha kumpa mtu. Vyote ndani. Sebule haina pa kupita. Ikifika Februari, nusu ya mimea ile imekauka, na iliyobaki ina majani yanayonata, utando mwembamba kwenye vikonyo, na vijinzi vyeusi vinavyoruka kila ukigusa chungu. Ndipo mtu anakimbilia dukani kununua dawa ya kupuliza.

Ninalotaka kusema najua litawaudhi wenzangu. Mimea mingi tunayoiingiza ndani kila mwaka haikustahili kuingia. Iingie michache yenye sababu, na ioshwe kabla haijavuka kizingiti. Mingine ilazwe gizani. Mingine ibaki vipandikizi kwenye glasi ya maji. Iliyosalia iachwe iende zake na baridi. Na pesa ya dawa ya kupuliza, nunulia taa.

Kwa msomaji wa Pangani, nilikozaliwa, au wa Malindi, habari hii inataka maelezo kidogo. Naishi Brooklyn Park, jirani na Minneapolis, nyuzi 45 kaskazini mwa Ikweta. Huku jalidi, ule umande unaoganda juu ya majani, huanza kuanguka mapema Oktoba, na huwezi kuwa na hakika imeondoka mpaka katikati ya Mei. Usiku wa kawaida wa Januari ni kama nyuzi 13 chini ya sifuri, na zipo nyakati inashuka ikapita 25. Mrehani hausubiri hata barafu: usiku ukiwa chini ya nyuzi 10 tu, majani yake yanaanza kuingia weusi.

Baridi tunaiona, ndiyo maana tunaikimbia. Tusilolihesabu ni jua. Tarehe 21 Desemba mchana wa huku haufiki saa tisa, na jua la adhuhuri linapanda nyuzi 22 hivi juu ya upeo wa macho kisha linaanza kushuka. Pangani, tofauti ya siku ndefu na siku fupi kuliko zote katika mwaka haifiki saa moja. Mndimu uliokaa barazani kiangazi kizima, ukaletwa kwenye kona ya sebule pembeni ya televisheni, umewekwa gizani, hata kama sisi tunasoma gazeti hapo bila taabu. Halafu hita inanguruma usiku na mchana na kuikausha hewa mpaka midomo inapasuka. Unyevu ndani ya nyumba unaweza kushuka chini ya asilimia 20. Mmea usio na mwanga haunywi maji mengi, nasi kwa kuuona umenyong'onyea tunauongezea. Maji yanatuama, mizizi inaoza, jani linalegea zaidi, tunaongeza tena.

Basi tuchague. Kwangu kila chungu hupangiwa fungu lake kabla sijakinyanyua.

Fungu la kwanza ni la mimea itakayoingia na kukaa macho: mndimu, mwasumini, na pilipili iliyozaa vizuri kuliko wenzake. Hii ni mimea ya miaka, na kila mwaka unaoulinda unaongeza thamani yake. Watu hushangaa kusikia pilipili imo humo, kwa kuwa huku inauzwa kama mmea wa msimu mmoja. Ikate ibaki shina na matawi mafupi, ikae penye mwanga, maji ya kuhesabu, na ikitolewa nje mwishoni mwa Mei itazaa mapema kuliko ile iliyopandwa kwa mbegu mwaka huohuo. Mwasumini naulinda kwa ubishi tu, nakiri. Kikuba bila asumini si kikuba.

Mndimu na jamaa zake wana historia ndefu ya kufichwa baridi. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alijengewa jumba la michungwa huko Versailles kati ya mwaka 1684 na 1686, kazi ya msanifu Jules Hardouin-Mansart, na mpaka leo miti iliyopandwa kwenye masanduku hutolewa nje Mei na kurudishwa ndani Oktoba. Lile jengo lina kuta nene na madirisha makubwa yanayotazama kusini, na ndani yake baridi ipo ila haifiki ya kugandisha. Mwanga mwingi, joto dogo. Sisi tunageuza kinyume: joto jingi la sebuleni na mwanga wa kubahatisha. Mndimu wangu uko chumba cha wageni, hita nimeipunguza, dirisha la kusini, na juu yake taa ya LED nyeupe ya kawaida, sentimita 30 kutoka kileleni, inayojiwasha na kujizima ili mmea upate saa 14 za mwanga kila siku. Taa hiyo haikunigharimu zaidi ya chupa mbili za dawa ya wadudu.

Fungu la pili ni la kulazwa: tangawizi, manjano, magimbi, mgomba wa chungu. Desturi ya mimea hii ni kupumzika, nasi tunainyima usingizi kwa kuimwagilia. Majani ya tangawizi yakianza kugeuka rangi, acha maji. Yakikauka, yakate, chungu kishushwe besimenti mahali pakavu pasipo baridi kali, nyuzi 13 au zaidi kidogo, kisiguswe mpaka Machi au Aprili. Mgomba unakatwa majani yote ubaki gogo, unakaa gizani, unapewa maji ya kuonja mara mojamoja usinyauke kabisa. Faida ya pili ya usingizi huu watu hawaioni: mmea usio na jani hauna cha kumlisha mdudu wa majani.

Fungu la tatu ni vipandikizi. Matembele, kata kipande cha shina urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji dirishani. Haipiti wiki mbili utaona mizizi. Glasi chache zinatosha kuanzisha tuta zima la Juni, sasa ndoo ya udongo wa kilo kumi na tano na kila kilicholala ndani yake unaipandishia ngazi ya nini? Mrehani nao unaota mizizi majini vivyo hivyo. Mchaichai unagawanywa: chukua mashina machache yenye mizizi, fupisha majani yabaki sentimita 15, panda kwenye kopo dogo. Kichaka kilichobaki kikate, kifunge mafungu, tia kwenye friza. Chai ya miezi sita hiyo.

Fungu la nne ni mchicha, bamia, nyanya, mnavu. Chukua mbegu, weka kwenye bahasha, andika jina. Basi.

Ni hili la nne linaloleta ugomvi. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mtu mzima kutoka Bukavu, alinikuta nimeng'oa nyanya zingali na majani mabichi. Nikamwamkia, hata hakuitikia sawasawa.

"Mwanangu, mimea ni kama watoto. Sasa weye unachagula nani afe?"

Namheshimu, na sombe yake ya kisamvu haina mfano mtaa mzima, lakini hapo nilikataa. Nilimwambia, "Mama, nyumbani kwetu mchicha unang'olewa kila mwezi na mizizi yake, unachambuliwa, unapikwa, na tuta linapandwa upya jioni hiyohiyo. Mama yangu hakuwahi kuuombolezea." Akacheka, akasema hata kwao mchicha, lengalenga, ni hivyohivyo. Lakini alizibeba nyanya zangu mbili akaenda nazo kwake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tukiwa nyumbani tulikuwa wakulima. Mmea ukimaliza kazi tunaupisha mwingine. Tulipokuja huku kila shina likawa ukumbusho, na ukumbusho hautupwi. Nauelewa moyo huo, ninao. Ila mmea hauponi kwa kupendwa kama ukumbusho. Unapona kwa nafasi, mwanga na jicho la mtu, na vitu hivyo vitatu vina kikomo. Mwenye vyungu ishirini sebuleni hapati muda wa kupindua jani la chungu hata kimoja, na ni chini ya jani hilo shida inakoanzia.

Tuje kwenye wadudu wenyewe. Kwa nini mmea uliokaa nje kiangazi chote bila taabu unajaa wadudu ndani ya wiki chache? Wengi husema ni kwa kuwa mmea umedhoofika. Udhaifu upo, lakini haumalizi maelezo. Wadudu walikuwepo tangu nje, wachache, kwa sababu waliwindwa: na buibui, na nyigu wadogo, na wale mbawakawa wekundu wenye madoa meusi. Mvua iliwaosha, upepo uliwaangusha. Siku tunapobeba chungu, tunambeba mdudu na kumwacha adui yake uani. Kisha tunampa joto, hewa kavu na miezi minane ya amani.

Afrika imewahi kulijua hili kwa njia ngumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kidung'ata wa mihogo, mdudu wa Amerika Kusini aliyejifunika ungaunga mweupe, alionekana Kongo. Kutoka hapo akaenea ukanda wa mihogo wa bara zima, maana Afrika hakukuwa na wa kumzuia. Kwao yupo wa kumzuia: nyigu mdogo sana, aliyepatikana Paraguay mwaka 1981, ambaye hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata, na mtoto wake akalelewa humo mpaka mwenye mwili akafa. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, iliyoko Ibadan, Nigeria, katika mradi ulioongozwa na Mswisi Hans Herren, iliwafuga nyigu hao na kuwaachia nchi baada ya nchi, mahali pengine wakimwagwa kwa ndege. Mihogo ikarudi. Mwaka 1995 Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Katika kisa hicho chote, bomba la dawa halikuwa shujaa.

Sebuleni huwezi kufuga nyigu. Kwa hiyo kazi ya nyigu, ya mvua na ya upepo inabaki mikononi mwako, na inaanza kabla ya kuingia.

Mimi huanza usiku ungali juu ya nyuzi 10 na hita haijawashwa. Chungu kinavutwa kwenye saruji nyuma ya nyumba, nakilaza ubavu, natia kidole kwenye mdomo wa mpira wa maji ili utoke kwa nguvu, na maji nayaelekeza chini ya majani. Juu ya jani hukuti kitu. Mdudu anakaa chini, kandokando ya mshipa wa kati, na kwenye kwapa pale kikonyo kinapokutana na shina. Nikimaliza, jani likakauka, nashika karatasi nyeupe chini ya tawi na kuligonga tawi kwa kidole. Vumbi linabaki pale lilipoangukia. Utitiri unatembea. Ni vijidoa vidogo kuliko nukta ya kalamu, miguu minane, ndugu wa buibui na kupe, na kama huna miwani utadhani karatasi ina uchafu tu mpaka uchafu uanze kuhama. Jani lenye utitiri ukilitazama kwa juu lina vitone vya rangi iliyopauka, maana kila kitone ni mahali palipofyonzwa.

Vidung'ata ni rahisi kuwaona, wako kama nyuzi za pamba kwenye makwapa. Wenye hila ni vidugamba, vigamba vya rangi ya kahawia vilivyogandamana na shina hata ukavidhani ni gome. Tumia ukucha: gome halibanduki, kidugamba kinabanduka. Hao na vidung'ata nawafuata mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa spiriti ya asilimia 70, ile ya kusafishia vidonda. Inachosha. Ndiyo maana nilisema vyungu viwe vichache. Tena ukiona sisimizi wanapanda na kushuka mndimu wako bila sababu, usiwafukuze kwanza; fuata msafara wao. Utakuta mwisho wake vidukari au vidung'ata, maana wadudu hao hutoa maji matamu, na sisimizi huwalinda ili wasiukose utamu huo. Maji hayohayo ndiyo yanayofanya majani yanate, kisha yakaota masizi meusi.

Baada ya maji huja sabuni. Vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji isiyo kali kwenye lita moja ya maji, ijaribiwe jani moja kwanza na kungoja mpaka kesho, isipuliziwe juani. Sabuni humuua mdudu iliyemgusa ikiwa mbichi. Ikikauka kazi yake imekwisha, na mayai haiyafanyi kitu. Kwenye joto la nyumbani utitiri unaweza kutoka yai hadi mzazi ndani ya wiki moja hivi, kwa hiyo apulizaye mara moja akapumzika amewaua wazee na kuwaachia wajukuu nyumba. Rudia baada ya wiki, na wiki nyingine tena. Na chungu kilichooshwa kisikutanishwe na wenzake siku hiyohiyo. Kikae peke yake wiki mbili, chumba kingine, kichunguzwe upya ndipo kiingie kwenye kundi.

Vile vijinzi vyeusi vinavyoruka usoni vina habari yao. Haviumi jani. Mabuu yao yanaishi kwenye udongo wa juu uliolowana, yakila ukungu na vimizizi laini, na kuwepo kwao kunakwambia jambo moja tu: unamwagilia mno. Acha sentimita tatu za juu zikauke ndipo umwagilie, na utege kadi ya njano yenye gundi kunasa wanaoruka. Wakizidi, ipo bakteria iitwayo Bti inayoua mabuu hayo na viluwiluwi vya mbu, na ambayo haimdhuru mtu wala paka. Msomaji wa Tanzania ana ujamaa nayo: kiwanda cha viuadudu cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba, kinatengeneza dawa ya viluwiluwi vya mbu kwa bakteria hiyohiyo. Huku inauzwa kama vidonge vikubwa vya kutupia kwenye madimbwi ya bustani. Namega kipande, nakiloweka usiku kucha, asubuhi maji yale namwagilia.

Sasa dawa za kupuliza. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na najua kifua chenye pumu kinavyolia saa nane za usiku. Nyumba za huku hufungwa Novemba na hazipati upepo wa kweli mpaka Aprili. Ukipuliza sumu humo, unaivuta wewe na watoto wako, na zulia linabaki nayo. Dukani utauziwa pia punje za kuchanganya na udongo zenye imidakloprid, dawa inayofyonzwa na mizizi ikapanda mpaka kwenye jani. Kwa ua la kutazama, shauri yako. Lakini mimea yetu ni ya kula: mchaichai unaingia kwenye chai ya mtoto, ndimu inakamuliwa kwenye kachumbari. Na zaidi ya hilo, imidakloprid haiui utitiri, ambao ndio mgeni mkuu wa nyumba yenye hita. Unalipa, unajitia sumu, na mdudu uliyemkusudia anaendelea na shughuli zake. Mafuta ya mwarobaini yana nafuu, na sisi wa pwani hatuhitaji kutambulishwa kwa mti huo. Lakini nayo yanataka jani lioshwe kwanza na yarudiwe, na harufu yake ndani ya nyumba iliyofungwa utaifahamu mwenyewe wageni wakija.

Wapo wanaonijibu: ukiuacha mmea ufe, utaupata wapi tena? Jibu la wengi liko kwenye sanduku la safari. Likizo ikiisha, mche unafungwa gazeti, unavikwa soksi, unalazwa katikati ya vitenge. Hilo nalipinga bila kupepesa macho. Udongo kutoka nje hauruhusiwi kuingia Marekani, na miche ya jamii ya michungwa imefungiwa mlango kabisa, kwa sababu ambayo Florida inaijua. Mwaka 2005 ugonjwa wa kijani wa michungwa uligunduliwa huko, unaosambazwa na kidudu kidogo kinachofyonza majani machanga. Mavuno ya machungwa ya jimbo hilo leo, ukijumlisha na uharibifu wa vimbunga, hayafiki hata sehemu ya kumi ya yale ya miaka ishirini iliyopita. Kidudu cha namna hiyo hakionekani kwenye mashine ya uwanja wa ndege. Mndimu nunua hapahapa, kwenye kitalu kilichokaguliwa, nao vilevile uoshwe na utengwe kabla ya kukutana na wengine.

Na hili si la wa ng'ambo peke yao. Anayenunua ua kwenye vitalu vya kando ya barabara Dar es Salaam, akalipeleka moja kwa moja kupanga foleni na mengine barazani, anafanya kosa lilelile bila kuhitaji theluji. Na wenzetu wa Njombe na Limuru, ambako jalidi huanguka mara mojamoja, wanaijua kazi ya kusogeza vyungu karibu na ukuta. Kwao pia karatasi nyeupe na ukucha ni vifaa vya bure.

Ninalopendekeza ni hili. Tuna vyama vya Watanzania, vya Wakenya, vya Wakongo, vyenye kamati za misiba, za harusi na za mpira. Kwenye kikao cha Agosti kiongezwe kipengele kimoja cha dakika kumi: nani analinda nini. Mwenye dirisha la kusini achukue mwasumini na mndimu. Mwenye besimenti apokee tangawizi, manjano na magimbi ya mtaa mzima. Asiye na nafasi aweke glasi za matembele. Mwenye subira akusanye mbegu za mchicha na mnavu. Mabadilishano yafanyike mwishoni mwa Mei, nje, baada ya kila mmea kupita ukaguzi, tena kwa vipandikizi na mashina yaliyooshwa mizizi, si kwa ndoo za udongo. La sivyo tutakuwa tumegawana utitiri kwa usawa. Mmoja akipoteza wake, watatu watakuwa nao. Mmea uliotawanyika kwenye nyumba kumi haupotei kirahisi, ilhali ule unaong'ang'aniwa na mtu mmoja kwenye kona ya giza una nafasi ndogo hata akiulilia.

Kwa hiyo Septemba ijayo, kabla hujainua ndoo ya kwanza, jiulize: nikiukosa mmea huu Mei, nani mtaani atakuwa nao? Ukimpata hata mmoja, iache ndoo hapo ilipo, na nguvu ya kupandishia ngazi uitumie kupindua majani ya ile michache uliyoichagua.